Kikoba chetu Uyole kinavunja Desemba, akina mama wanataka bichi: Nungwi au Matema?

Mweka Hazina wa Uyole

Wakubwa zangu humu shikamooni, wenzangu habari za muda huu.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama hapa Uyole, Mbeya. Wengi wetu ni wa viazi na maharage, tunao walimu, yupo mwenye saluni, na mwenyekiti wetu ni mama mtu mzima ambaye akisema jambo, limepita. Mwaka huu tumekubaliana tukivunja kikoba tusigawane hela yote ikaishia kwenye madeni ya dukani. Kila mtu ametenga fungu lake twende mahali tukale raha. Na mahali penyewe wamepataja kwa sauti moja: bichi.

Tatizo likaanzia hapo. Mabinti wa kikundi wanataka Nungwi, Zanzibar. Wameona picha mtandaoni, maji ya bluu, watu wanacheza muziki mchangani mpaka usiku wa manane, basi hawasikii la mtu. Wakubwa wanasema bichi ipo hapa hapa mkoani kwetu, Matema ya Kyela, unakunywa chai Uyole na mchana unakula samaki ziwani. Mabinti wakajibu kwamba Matema ni kwenda kusalimia shangazi, siyo kutembea. Kikao kimeisha watu wamenuniana.

Nimeachiwa mimi kuleta maelezo kikao kijacho. Matema nilifika zamani kwa ajili ya msiba, sikuloweka hata mguu. Nungwi naisikia tu. Tunajaza kosta moja. Muda wetu ni kuondoka Alhamisi na kurudi Jumatatu, zaidi ya hapo haiwezekani, kuna wenye ng'ombe wa maziwa na wenye wagonjwa nyumbani. Wenye uzoefu wa pande zote mbili naomba mseme, msinifiche.

Kijiwe cha Mwanjelwa

Mwenyekiti akisema limepita, sasa wewe mama unatuuliza nini? Naweka kigoda hapa niwasikilize.

Mbena wa Nungwi

Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Makambako, niko jikoni kwenye hoteli moja huku huku Nungwi, kwa hiyo nitakwambia na yale ambayo picha hazisemi.

Kwanza niwatetee hao mabinti. Nungwi ni pazuri kweli. Ni ncha ya kaskazini kabisa ya Unguja, na uzuri wake mkubwa ni kwamba maji hayakimbii. Ukienda upande wa mashariki, Paje au Jambiani, bahari ikitoka unatembea mbali sana kwenye mwani na matope mpaka uyafikie maji. Huku Nungwi na Kendwa unaoga karibu saa zote. Asubuhi kuna mafundi wanaunda majahazi ufukweni kwa mikono, msumeno na shoka la kuchongea, wazungu wanasimama wanapiga picha wakati watoto wa kijiji wanapita wala hawageuki. Kule Mnarani kuna bwawa la kasa. Jioni jua likishaanza kuzama ndipo mji unapoamka: ngoma za sarakasi mchangani, pweza wa kuchoma, muziki kila baa na wake, na Kendwa pale jirani wana sherehe zao za mwezi mpevu. Anayetaka kelele, kelele zipo.

Ila nyuma ya hoteli kuna kijiji cha Waislamu, watu na heshima zao. Nguo za kuogea zinaishia mchangani. Ukipanda kwenda dukani funga kanga. Akina mama wetu hilo hawana shida nalo, mabinti waambieni mapema. Na mkija Ramadhani, mchana migahawa ya mitaani imefungwa.

Sasa hesabu ya siku, maana mama ameuliza vizuri. Alhamisi mnapanda basi alfajiri. Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800, kuna Kitonga, kuna Mikumi mnapita polepole kwa ajili ya wanyama, mnaingia Dar jioni au usiku. Hiyo saa ya boti imepita, mnalala Dar. Ijumaa mnapanda boti ya asubuhi, baharini ni kama saa mbili, na kuna watakaotapika, beba mifuko. Mnashuka Malindi, mnapanda daladala namba 116 au mnakodi gari, kupitia Mahonda mpaka Nungwi. Mkishaoga na kula Ijumaa imekwisha. Jumamosi ni yenu nzima. Jumapili mnaanza kuwahi boti, mnalala tena Dar, Jumatatu mko kwenye basi.

Yaani siku tano, bahari mmeipata moja. Hela mnaweza kuwa nayo, lakini siku hamna. Ndege ya Songwe kwenda Dar inaokoa siku mbili hizo za barabarani, ila zidisha nauli kwa kosta nzima halafu mwonyeshe mwenyekiti.

Kingine: Desemba siyo yote sawa. Mwanzoni mwa mwezi vyumba bado vina bei ya kuongea. Kuanzia wiki ya Krismasi mpaka Mwaka Mpya bei inapaa na hata kwa hiyo bei unaambiwa pamejaa.

Mnyalu wa Ipogolo

Kamwene. Mbena kasema kweli kuhusu siku, lakini mimi nipo na mabinti. Sisi wa Iringa hesabu ni tofauti kidogo, Dar ni kama kilomita 500 na Mbeya ni zaidi ya 300, halafu bado hujashuka Kyela. Kwetu Matema na Dar zinakaribiana, kwa hiyo mtu anachagua Dar, halafu boti. Wenzangu kila mwaka ni hivyo.

Halafu tusidanganyane, Matema siyo mji wa starehe. Saa tatu usiku unasikia vyura.

Kyela Kwetu

Ugonile mwe bandu!

Mnyalu, hao vyura ni wa kwenu Ipogolo. Ukifika Matema usiku unasikia mawimbi na muziki wa vijana wa bodaboda, vyura hawapati nafasi. Sikukuu ndiyo usiseme. Krismasi, Mwaka Mpya na Pasaka, Mbeya yote inashukia pale, magari yanakosa pa kusimama, mchanga wote ni majiko ya mkaa na maspika. Wikendi za kawaida ni kimya, nakubali. Mtu achague anataka ipi.

Mama mweka hazina, nikueleze pakoje maana ulikuja kwa msiba. Matema ni pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Milima ya Livingstone inashuka kutoka mawinguni mpaka inaingia majini, haiachi hata nafasi ya barabara, na ndiyo maana safari ya gari inaishia hapo. Upande wa magharibi ni mchanga mrefu, laini. Upande wa mashariki yanaanza mawe, na kwenye mawe ndiko wapo wale samaki wadogo wa rangi, bluu na njano, unawaona kwa macho bila kuzamia. Nyasa ina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, kwa hiyo tusiidharau kwa sababu tumezaliwa nayo. Kina chake kinapita mita 700.

Maji hayana chumvi. Hili wanaotoka baharini hawalijui mpaka waoge: macho hayawashi, ngozi haikauki, nywele za saluni zinapona. Wala hakuna kupwa na kujaa, yapo pale pale asubuhi na jioni. Upepo mkali unakuwa katikati ya mwaka, mitumbwi inatulia ufukweni. Desemba ziwa huwa tulivu asubuhi, mchana mvua inaweza kupiga, halafu jua linarudi. Na joto! Mbeya mjini mko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ziwani ni chini ya 500. Makoti mtayaacha kwenye kosta.

Chakula: mbasa wa kuchoma, usipa wa kukaanga na ndimu, perege, wali wa mchele wa Kyela uliopikwa Kyela kwenyewe, ndizi, na Desemba embe zinaanguka zenyewe njiani. Mkipika wenyewe mnakula vizuri zaidi kuliko kwenye hoteli, samaki mnawangojea wavuvi wakirudi alfajiri. Sijui Nungwi pweza anauzwaje kwa mtu wa viazi.

Kulala kuna nyumba za wageni za kanisa na za watu binafsi, nyingi ziko kwenye mchanga kabisa. Lutheri wapo pale tangu zama za wamisionari wa Kijerumani, hata hospitali ni yao. Nyumba za kanisa ulizieni mapema habari ya muziki na pombe, kila moja ina utaratibu wake. Kikundi chenye spika kikae sehemu ya binafsi, msije mkakosana na wenyeji siku ya kwanza.

Binti wa Saluni

Mama mweka hazina shikamoo. Mimi ni yule unayemsema "hasikii la mtu". Nimekukuta humu 😂

Hatujakataa Matema, mama. Tunachokataa ni kwenda kukaa kwenye viti vya plastiki, mnafunguliwa soda, mnaimba mapambio, saa mbili usiku mwenyekiti anasema tulale. Hiyo hata Uyole tunaweza. Kama muziki upo na mtumbwi upo, mimi nashuka Kyela hata leo.

Mweka Hazina wa Uyole

Marahaba mwanangu. Sikukutaja jina, umejitaja mwenyewe. Endelea kusoma.

Kijiwe cha Mwanjelwa

Kikao kimehamia humu humu. Mwenyekiti naye akitokea jamani mniambie nikimbie.

Nesi wa Soweto

Naomba niongee ya afya kidogo kabla hamjafunga mizigo, kwa sababu watu wa baridi tukishuka ziwani tunajisahau.

Malaria. Huku juu mbu ni wachache na miili yetu haijaizoea kama wa Kyela. Mwenyeji anaweza kuumwa kidogo akaendelea na kazi, wewe wa Uyole ikakulaza. Hakikisheni kila kitanda kina chandarua kizima, jioni vaeni mikono mirefu, na atakayepata homa wiki mbili au tatu baada ya kurudi asiseme ni uchovu wa safari, aende akapime. Mjamzito akiwepo aongee na kliniki yake kabla ya kuondoka.

Kichocho. Nyasa kipo. Vimelea vinatoka kwa konokono, na konokono wanapenda maji yaliyotulia yenye majani na matete, karibu na makazi. Ogeni kwenye mchanga wazi wenye mawimbi, msiingie kwenye vidimbwi na penye nyasi, na mkitoka jifuteni palepale kwa taulo. Hii inapunguza hatari, haiondoi. Usikimbilie kupima kesho yake, mayai yanaanza kuonekana baada ya wiki 6 na zaidi. Dawa ipo, prazikwanteli, inapatikana kwenye vituo vyetu.

Mamba. Wanapenda midomo ya mito, na Mto Lufilyo unaingia ziwani upande huo huo. Wenyeji wakikwambia hapa tusioge, hawakutanii. Watoto wasiachwe peke yao hata kidogo, maana ukishaacha kukanyaga mchanga kina kinaongezeka haraka.

Nungwi nako kuna ya kwake: wale nungunungu wa baharini wenye miiba mirefu, ukimkanyaga mmoja utalia mwenyewe. Viatu vya kuingilia majini vinasaidia.

Mmatengo wa Mbinga

Mnazozana weee, Mbamba Bay mmeisahau. Ziwa ni lile lile, na kutoka Songea kupitia Mbinga ni lami mpaka majini.

Kyela Kwetu

Mkuu wa Mbinga tunakupenda, lakini Uyole mpaka kwako ni kupanda Makambako, Njombe, Songea, Mbinga. Siku nzima. Watafika mwenyekiti amekonda.

Dereva wa Kosta

Hiyo barabara ya Kyela nimeila miaka, nisemeje.

Watu wa Uyole mna bahati, mko mdomoni mwa njia. Msidhani mnaanza kushuka papo hapo. Kwanza mnapanda mpaka Isyonje, na huko asubuhi ukungu unaziba mpaka huoni boneti. Taa ziwake, haraka ya nini. Baada ya hapo ni Kiwira, halafu Tukuyu, na Tukuyu mvua haiombewi. Kona zake zina utelezi na malori ya Malawi yanayotoka Kasumulu mpakani yanapanda kwa kujikokota, vijana wa noah wanayapita kwenye kona. Dereva mtakayempata aulizwe kama anashuka kwa gia au kwa breki. Akisema breki, tafuteni mwingine. Ukishuka na breki toka Tukuyu mpaka Ushirika unazichoma, na ukizihitaji hazipo.

Hamna haja ya kuingia Kyela mjini. Kuna njia ya Kikusya, mnakunja kushoto, Ipinda, moja kwa moja Matema, lami. Pembeni ni mashamba ya mpunga na mikokoa, ukifungua dirisha joto linakupiga usoni.

Kama mna muda simameni Kiwira mkaone Daraja la Mungu, jiwe lililoshikana juu ya mto, maji yanapita chini yake. Ni kazi ya volkano, mto ulijipitishia chini ya lava. Hapo mwenyekiti atapiga picha, mtaona. Ila isiwe sababu ya kufika Matema giza, mana ng'ombe wa Ipinda hawana taa.

Bibi Vyungu

Hamjambo wanangu. Nimewasoma wote, hakuna aliyetaja jambo la maana.

Nendeni Jumamosi iwakute kule. Lyulilo, kama kilomita 2 tu kutoka Matema ukifuata ufukwe, Jumamosi kuna soko la vyungu. Wakisi wanavileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe, ng'ambo ya ile miamba, huko gari halifiki. Wanawake ndio wanaofinyanga. Udongo wanachimba hapo hapo kwao, chungu wanakiinua kwa mkono kikiwa kimekaa juu ya kigae wanachokizungusha, wanakisugua kikalainika, wanakipaka rangi nyekundu na nyeupe, kisha wanachoma. Vile vyungu mnavyoviona Sokomatola na vingine vinafika mpaka Dar, vimetoka huko. Mkinunua Lyulilo mnanunua kwa mwenye mikono yake, na bei inaongeleka.

Msikae mchangani tu kama magogo. Kodisheni mtumbwi au boti ya injini mwende Ikombe wenyewe. Fuateni asubuhi ziwa likiwa limelala. Mkifika salimieni kwanza, salamu ya kwao mtafundishwa, halafu ombeni kuona kazi. Mwacheni mama mmoja awafundishe kufinyanga, mumpe chochote. Mimi maharage nayapikia chungu cha Kisi, sufuria siitaki.

Binti wa Saluni

Shikamoo bibi. Kufinyanga nimekubali. Naleta spika.

Mnyalu wa Ipogolo

Basi na mimi nimeshawishika nusu. Swali kwa Kyela Kwetu: huo mtumbwi wa Ikombe laifu jaketi zipo? Maana akina mama wa viazi kuogelea si mnajua.

Kyela Kwetu

Swali zuri. Boti za baadhi ya nyumba za wageni zinazo, mitumbwi ya kuchonga mara nyingi haina. Mkubaliane kabla ya kupanda, na idadi ya watu mpange ninyi, siyo mwenye mtumbwi, yeye atawajaza. Upepo ukianza kuvuma mkiwa Ikombe, msilazimishe kurudi, subirini au rudini kwa miguu. Njia ipo kando ya mlima, ni ya mawe na inapanda kidogo.

Mbena wa Nungwi

Mama, mimi mwenyewe wa huku nakushauri Matema safari hii. Alhamisi mchana mko majini, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili zote zenu. Nungwi wekeni fungu la mwakani na mpange wiki nzima, iwe mwanzoni mwa Desemba. Kila mtu awe na kitambulisho chake mkononi, bandarini mnaulizwa. Mkija nitafuteni.

Mweka Hazina wa Uyole

Ndaga fijo, wote. Nimesoma kwenye kikao, na uzi huu nimeuonyesha kwa mwenyekiti akausoma mpaka mwisho, Kijiwe cha Mwanjelwa kakusoma na wewe. Amesema Matema, tutakaa sehemu ya binafsi, muziki ruhusa mpaka saa sita usiku. Mabinti wamepiga vigelegele. Nungwi imeingizwa kwenye katiba ya mwakani, fungu litaanza kukatwa Januari, hapo kelele zilirudi upya lakini imepita.

Limebaki moja. Kila mtu anataka chungu, wengine viwili, na mwenyekiti anataka cha kupikia makande ya harusi. Dereva wa Kosta, hivyo vyungu vyote vinapanda wapi?

Dereva wa Kosta

Juu kwenye keria usithubutu, kona za Tukuyu zitavirudisha udongo. Nunueni majani makavu ya migomba pale pale Lyulilo, vifungwe kimoja kimoja, vidogo viingie ndani ya vikubwa na majani katikati. Vikubwa vikae chini nyuma ya siti ya mwisho, vingine kila mtu apakate cha kwake. Cha makande ya harusi mwambie mwenyekiti akikatie siti.